MANETI JUU YA MEZA: JE, ULE NI WIZI?



Katika vakansi iliyopita kulitokea maneno katikati yetu. Tulikuwa vijana sita katika nyumba moja ya kartye, nyumba ambamo watu wanalipa kidogo na kucheza mchezo wa video mbele ya televizio. Siku ile tulicheza mchezo wa kupigana, watu wawili wawili. Anayeshindwa anaondoka, anayeshinda anabaki. Kulikuwa mwenzetu mmoja ambaye mkono wake wa kushoto ulivunjika akiwa mtoto, na kidole gumba chake hakijikunji vizuri. Zamu yake ilipofika, hakukamata maneti kama sisi. Aliilaza juu ya meza, akaweka vidole juu yake sawasawa na mtu anayepiga harmonium, akaanza kufinya butoni toka juu. Sisi tulicheka. Kiisha akashinda wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Hapo hatukucheka tena. Mmoja wetu akasema kwa sauti kubwa: «Ule anaiba! Maneti haikamatwaka vile!» Nasi wengine tukaitika: «Ndiyo, anaiba.» Tukamnyima zamu. Akarudi kwao.

Mimi nilikuwa mmoja wa wale walioitika. Tangu siku ile neno hili halikuniacha. Nikatafuta kujua: mtu akikamata maneti kwa namna isiyo ya kawaida, je, ni wizi ao ni ufundi? Nikaona kwamba watu wakubwa wa mchezo huu, kule Japani, Marekani na Ufaransa, nao waliulizana swali hilo hilo. Nitawaeleza niliyoyapata. Hata ule asiyepata kucheza siku moja ataweza kufuata.

1. MCHEZO WENYEWE UNATUMIKA NAMNA GANI

Mchezo uliofanya watu wengi wapende kupigana kwenye televizio ni Street Fighter II, wa kampuni Capcom ya Japani. Ulitoka mwaka 1991. Watu wawili wanasimama wakitazamana, mmoja kushoto, mwingine kuume. Mchezaji ana fimbo moja ya kumwendesha mtu wake pande 8, na butoni 6: tatu za ngumi na tatu za teke. Kuna pigo jepesi, la katikati na lenye nguvu.

Kwenda mbele ni kusukuma fimbo kuelekea adui. Kujikinga ni kuivuta nyuma. Hii mushike vizuri, maana palaver yote ya mbele inatoka hapo: mtu hawezi kwenda mbele na kujikinga kwa wakati mmoja. Lazima achague.

Tena kuna mapigo ya siri ambayo hayana butoni yake. Mtu anayeitwa Ryu anatupa moto kwa mikono, lakini shurti mchezaji afanye hivi: chini, kiisha chini-mbele, kiisha mbele, na hapo hapo ngumi. Mtu mwingine, Guile, anatumika kwa namna nyingine: mchezaji anavuta nyuma, anangoja kidogo, karibu segonde moja, kiisha anasukuma mbele kwa gafula pamoja na ngumi. Pasipo kungoja, pigo halitoki.

Sasa tuone mwendo. Mashini inaonyesha picha 60 kwa segonde moja. Picha moja inakaa kadiri ya 0.017 ya segonde. Katika Street Fighter 6, mchezo uliotoka mwaka 2023, pigo jepesi la upesi sana linagusa katika picha ya 4. Lakini jicho la mtu likiona kitu, mkono wake unakawia karibu picha 12 mbele ya kujibu. Kwa hiyo hakuna anayeshinda kwa kungoja kuona tu. Anashinda kwa kujua mbele, na kwa mkono usiopoteza hata picha moja. Njo sababu namna ya kukamata maneti ni jambo kubwa.

2. FIMBO, MSALABA, NA KIDOLE GUMBA

Zamani watu walicheza mbele ya mashini kubwa za kulipia, zilizosimama kama kabati. Fimbo ilikuwa ya mkono wa kushoto, butoni za mkono wa kuume. Hata fimbo watu hawakuikamata namna moja. Mmoja anakamata kichwa chake toka juu. Mwingine anaingiza shina lake katikati ya vidole, kiganja kikitazama juu. Hakuna aliyesema kwamba mmoja wao ni mwizi.

Wakati mchezo ulipoingia manyumbani, fimbo ikawa maneti ndogo ya kushikwa kwa mikono miwili. Mahali pa fimbo kuliwekwa msalaba mdogo wa kufinywa kwa gumba la kushoto. Msalaba ule ulibuniwa na Gunpei Yokoi wa kampuni Nintendo, na ulionekana mwaka 1982 katika mchezo mdogo wa mkononi, Donkey Kong. Hapa magumba yakafanya kazi yote. Anayejua kupiga likembe atafahamu upesi: magumba mawili ni hodari, lakini ni mawili tu. Mwenye kutaka kufinya butoni tatu kwa mara moja atafanya namna gani?

Wengine wakavumbua dawa. Waliinua mkono wa kuume, wakakunja vidole kama kucha za tai, na kufinya butoni za juu kwa kidole cha shahada na cha katikati, gumba likisaidia chini. Mkono unaonekana mbaya, kama umepata ugonjwa. Lakini sasa kila butoni ina kidole chake.

Kwa miaka mingi mabingwa wengi walicheka watu wa maneti. Walisema fimbo njo chombo cha mwanaume wa kweli. Basi, mwaka 2014, katika mwezi wa saba, kulikuwa mashindano ya Evo kule Las Vegas. Evo ni mashindano makubwa ya michezo ya kupigana. Yalianza California mwaka 1996 kwa jina lingine na watu 40 tu. Mwaka ule wa 2014 mchezo ulikuwa Ultra Street Fighter IV. Mfaransa mmoja, Olivier Hay, ambaye wachezaji wanamwita Luffy, aliingia na maneti ya PlayStation ya kwanza kabisa, ya mtindo uliotoka mwaka 1994. Chombo cha miaka 20! Tena alichagua Rose, mwanamke ambaye wachezaji wengi hawakumtegemea. Katika mchezo wa mwisho alipambana na Mjapani Bonchan, akamshinda. Luffy akawa mtu wa Ulaya wa kwanza kushinda Street Fighter kule Evo. Toka siku ile maneno ya «chombo cha kweli» yalipungua nguvu.

3. SANDUKU LISILO NA FIMBO

Kuna namna nyingine iliyoleta maneno makubwa zaidi, na hii inafanana na ile ya mwenzetu juu ya meza.

Watu walitengeneza sanduku la bapa, lisilo na fimbo hata kidogo. Mahali pa fimbo kuna butoni 4: kushoto, chini, kuume, na juu. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vinalala juu ya tatu za kwanza. Butoni ya juu, ile ya kuruka, ni kubwa, nayo iko chini karibu na magumba. Mtu anacheza sawa karani anayeandika kwa mashini pasipo kuangalia vidole.

Faida yake ni nini? Mufikiri fimbo. Ikiwa umeivuta kushoto na unataka kuume, shurti isafiri: itoke kushoto, ipite katikati, ifike kuume. Safari ile ni fupi, lakini inakula wakati. Katika sanduku hakuna safari. Kidole kimoja kinaacha, kingine kinafinya. Basi.

Tuchukue moto wa Ryu, akiwa anatazama kuume. Kwa fimbo unazungusha mkono robo ya duara. Kwa sanduku unafanya hivi:

– finya chini;
– pasipo kuacha chini, finya kuume: mashini inasoma chini-kuume;
– acha chini: sasa inabaki kuume peke yake;
– finya ngumi.

Vidole viwili tu, mmoja nyuma ya mwingine, kama hatua za mtu anayetembea. Mwenye kuzoea hakosei. Lakini kuzoea kunakawia. Mtu aliyecheza kwa fimbo miaka mingi akija kwenye sanduku, mara ya kwanza anaruka-ruka kama mtoto, maana gumba lake halijajua kazi yake. Ni kama mtu anayejua kuandika kwa vidole viwili, na sasa unamwambia atumie vyote kumi. Atakwenda pole zaidi kwanza, mbele ya kwenda mbio.

4. MAHALI AMBAPO SHERIA ILIINGIA

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Fimbo ni moja. Haiwezi kulala kushoto na kuume kwa mara moja. Hakuna mtu anayeweza kufanya hivyo, hata awe na nguvu gani. Lakini butoni ni mbili. Vidole viwili vinaweza kufinya kushoto na kuume pamoja. Mashini isome nini?

Kuna majibu mawili makubwa. Jibu la kwanza: pande mbili zinazopingana zinauana, mtu anasimama katikati. Jibu la pili: butoni iliyofinywa mwisho njo inayoshinda.

Mtazame tofauti kwa Guile. Yeye anahitaji kuvuta nyuma na kungoja. Kwa jibu la pili, mchezaji anafinya nyuma na haachi kamwe. Akitaka kupiga, anagusa mbele kidogo: pigo linatoka. Akiinua kidole kile, hapo hapo amekwisha rudi nyuma, anajikinga, na kungoja kwake kumeanza upya. Hakupoteza kitu. Kwa jibu la kwanza haiwezekani: lazima aache nyuma kwanza ili mbele isomwe. Anapoacha nyuma, hajikingi tena. Yaani anarudi katika ile sheria ya mwanzo: uchague, mbele ao kinga.

Munaona? Hapa haiko tena habari ya mkono kuonekana mbaya ao mzuri. Hapa mchezo wenyewe umebadilika. Waliotengeneza mchezo walitaka kila hatua ya mbele iwe na hatari, na sasa hatari imepunguzwa na chombo.

Mmoja wa waliogusa jambo hili ni Daigo Umehara wa Japani. Mtu huyu anajulikana sana kwa sababu ya mchezo mmoja wa mwaka 2004, kule California, katika Street Fighter III: 3rd Strike. Aliyepambana naye alikuwa Justin Wong wa Marekani, na Chun-Li. Umehara, na Ken, alibaki na uzima kidogo sana. Pigo lolote, hata akijikinga, lingemmaliza. Wong akatoa pigo kubwa la mateke 15. Umehara akasukuma fimbo mbele kwa kila teke, moja moja, kwa wakati wake halisi, na kuyarudisha yote. Kiisha akashinda. Aliyafanya yale kwa fimbo ya kawaida.

Basi mtu huyo huyo, mwaka 2019, alitumia sanduku jipya lenye butoni za upande zaidi ya zile nne. Capcom, ambao ni wenye mchezo na wenye mashindano, wakakataa sanduku lile katika mashindano yao. Walikataa chombo cha bingwa mkubwa mwenyewe! Kiisha mwaka 2023, wakati wa Street Fighter 6, wakaweka sheria ya wote: sanduku linaruhusiwa, lakini kushoto na kuume pamoja zisilete upande wowote, na juu na chini vile vile. Waliokuwa na masanduku ya namna nyingine wakalazimishwa kuyatengeneza upya.

Tufahamu vizuri uamuzi huu. Hawakukataza vidole kuwekwa mahali papya. Walikataza kitu kimoja tu: chombo kumpa mtu nafasi ambayo mchezo haukumpa.

5. MTU ALIYECHEZA KWA MDOMO

Habari ya mwisho ni ya Mike Begum, wa Brownsville, katika Texas, Marekani. Wachezaji walimwita BrolyLegs. Alizaliwa na ugonjwa unaokaza viungo, na misuli haikui. Mikono yake na miguu yake haikuweza kufanya kazi kama yetu. Hakuweza kukamata maneti. Basi alilala kifudifudi, maneti mbele ya uso wake, akacheza kwa mdomo.

Musifikiri watu walimwachia kwa kumhurumia. Alichagua Chun-Li, akawa katika wachezaji wa Chun-Li wenye sifa kubwa katika Street Fighter IV. Alisafiri mpaka mashindano ya Evo, akakaa mbele ya watu wenye vidole kumi na kuwapiga. Vile vile alifundisha wengine namna ya kucheza. Alikufa mwaka 2024, akiwa na miaka 35, na wachezaji wa inchi nyingi walimlilia.

Sasa niwaulize: kama mtu ule angeingia katika nyumba yetu ya kartye, tungesema nini? «Maneti haikamatwaka vile»? Tungemfukuza?

6. NAMNA YA KUPIMA

Kwa habari hizi zote nimepata maswali matatu ya kupima. Yanafaa kwa mchezo huu, na nafikiri yanafaa kwa michezo mingine pia.

La kwanza: je, kila tendo la mchezaji linaleta tendo moja tu katika mchezo? Kuna maneti ambazo ukifinya butoni mara moja na kuikalia, zenyewe zinafinya mara nyingi. Nyingine unaziwekea pigo zima la siri katika butoni moja. Hapo mashini imecheza mahali pako. Ule ni wizi.

La pili: je, chombo kinampa mtu kitu ambacho mchezo ulikataza? Kama ile ya mbele na nyuma pamoja. Hapo shurti kuwe sheria, nayo iandikwe mbele ya mashindano, si baada ya mtu kushinda.

La tatu: je, wengine nao wangeweza kufanya vile kama wangetaka kujifunza? Ikiwa ndiyo, basi hasira yetu haitoki kwa haki. Inatoka kwa kushindwa.

Tumpime mwenzetu wa vakansi. Maneti yake ilikuwa ile ile yetu, ya nyumba ile ile, haikubadilishwa hata butoni moja. Kila kidole chake kilifinya mara moja na mashini ikasoma mara moja. Msalaba wa maneti ile haukuacha kushoto na kuume kufinywa pamoja. Na kila mmoja wetu angeweza kuilaza mezani kama yeye. Kwa maswali yote matatu, hakuiba kitu. Alitafuta njia ambayo mkono wake ungeweza kupita, akajizoeza, akaipata. Sisi njo tulimwibia: tulimwibia zamu yake.

Tena nimeona kosa lingine. Tulipocheka, hatukusema ni wizi. Neno la wizi lilikuja nyuma ya ushindi wa tatu. Kama angeshindwa, tungemwacha acheze vile mpaka jioni. Sheria inayozaliwa wakati mtu anashinda si sheria.

7. SHAURI KWA WANAOTAKA KUJARIBU

Usibadili namna yako kwa sababu umeona bingwa anafanya. Luffy alishinda kwa chombo cha zamani kwa sababu mikono yake ilikijua. Ubadilishe kama una sababu: kidole kinauma, ao pigo fulani halitoki kamwe.

Ukijaribu, anza pole pole. Fanya pigo moja mara 10 ukitazama kuume, na mara 10 ukitazama kushoto, maana watu wengi wanajua upande mmoja tu. Usiongeze mwendo kama hujafanya 10 pasipo kukosa.

Mkono ukiuma, acha. Gumba linaloota malengelenge ao kiwiko kinachowaka ni mwili unaokuambia kwamba unakamata kwa nguvu nyingi kuliko inayohitajika. Mkono huo huo unaungoja mtihani, na kalamu haina namna ya pili ya kukamatwa siku ile. Kwa hiyo masomo kwanza, mchezo kiisha.

Na wale wanaotayarisha mashindano madogo wakati wa vakansi, ninawaomba waandike sheria mbili tatu kwenye karatasi mbele ya mchezo wa kwanza: maneti gani zinakubaliwa, nani anaamua, na kwamba kila mtu anakamata anavyoweza. Karatasi moja itaondoa palaver nyingi.

Mimi nilikwenda kwa mwenzetu ule siku tatu mbele ya kurudi enternati. Nilimwambia: «Ndugu, siku ile tulikukosea.» Hakujibu neno. Alikamata maneti ya nduguye mdogo, akailaza mezani katikati yetu, akaniambia: «Leta bidole, nikuonyeshe.» Nilishindwa mara tano. Mpaka leo gumba langu la kushoto linatafuta kazi lisiyoiona.

Mwanafunzi wa kilasi ya tano